Robo Sekunde Muyinga

Picha yenyewe ni hii. Kijana amesimama kando ya baiskeli yake ya abiria, mkono mmoja ameuweka juu ya kiti cha nyuma, kile cha sponji kilichovishwa ngozi bandia. Kiti ni kitupu. Mbele na nyuma yake wanapita watu wanaoelekea soko la Muyinga, nchini Burundi, lakini wamegeuka mikwaruzo ya kijivu: beseni linaloelea bila kichwa chini yake, mguu mmoja wenye kandambili, nusu ya mwavuli. Kila niliyemwonyesha ametamka neno lilelile, upweke. Nataka kueleza huo upweke ulivyotengenezwa, maana kijana mwenyewe hakuwa nao.

Kabla ya Muyinga nilipoteza siku nne Gitega. Ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, Bujumbura ikabaki na biashara, nami nilidhani mji mkuu lazima utakuwa na umati wa kunitosha. Umati ulikuwepo. Jumapili nilipanda mahali pa juu kidogo karibu na kanisa kuu la Mushasha, nikafunga lenzi ndefu ya milimita 135, nikasubiri waumini watoke misa. Nilipata picha ya mama mmoja katikati ya bahari ya vichwa, vazi lake jeupe la imvutano likiwaka kati ya suti nyeusi. Inapendeza, na haina maana yoyote. Lenzi ndefu huwabana watu kana kwamba wamepangwa rafuni, na ukipiga kutoka juu kila mtu anakuwa kokoto. Mama yule alionekana mdogo, tena alionekana tofauti kwa ajili ya nguo. Udogo na tofauti ndivyo vitu wapigapicha wengi huviuza kwa jina la upweke, nami niliviuza hivyo miaka mingi.

Nikageukia njia ya mpigapicha Harry Callahan. Mwaka 1950, huko Chicago, alifunga lenzi ndefu kwenye kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, akakaza fokasi kwenye umbali wa futi nne, yaani mita moja na robo hivi, kisha akatembea barabarani akipiga nyuso za wanawake waliozama katika mawazo yao. Fokasi haiguswi tena. Uso ukifika kwenye umbali ule, unabonyeza. Picha zile zinauma hadi leo: uso umejaza fremu nzima, macho yanatazama kitu kisichokuwepo.

Gitega njia hiyo ilikufa kabla ya saa tatu asubuhi, na aliyeiua ni salamu. Huwezi kumkaribia mtu mzima wa Burundi kwa mita moja na robo ukapita kimya. Kuna “Bwakeye” asubuhi na “Mwiriwe” alasiri, na anayesalimiwa huinua uso, hutabasamu, huuliza habari. Nina picha zaidi ya mia za watu wananisalimia. Wapita njia wa Chicago walikuwa na adabu ya kutotazamana. Hapa adabu ni kinyume chake, na kamera inanasa adabu kwanza ndipo inase mengine. Jicho likishakutana na lenzi, mtu ana mwenzake. Upweke umekwisha.

Kilichonifungua macho ni mng'arisha viatu. Nilikuwa nimekaa nikingoja zamu yangu, nikakumbuka picha ya Daguerre ya 1838, iliyopigwa kutoka dirishani juu ya Boulevard du Temple, Paris. Mtaa ule ulikuwa umejaa watu na magari ya farasi, lakini sahani yake ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na yeyote aliyekuwa kwenye mwendo akafutika. Akabaki mtu mmoja, amesimama, mguu umeinuliwa, inaelekea anang'arishiwa kiatu. Mara nyingi hutajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana pichani. Aliyewafuta wenzake ni saa. Hapakuwa na ufundi wa kupanga fremu wala nguo nyeupe. Yeye alikuwa kwenye mwendo mmoja, Paris nzima kwenye mwingine.

Mpigapicha Alexey Titarenko aliifanya ajali hiyo kuwa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Urusi ikiwa imetoka kuvunjikiwa na dola yake, aliiacha shata wazi kwa muda mrefu mbele ya ngazi za kituo cha treni za chini ya ardhi cha Vasileostrovskaya mjini St. Petersburg. Umati ukawa ukungu unaopanda ngazi, ila mikono kwenye reli, iliyotulia kidogo, ikabaki inaonekana. Kwa watu wale wa wakati ule, kugeuzwa mizimu ni ukweli. Kwa wachuuzi wa Muyinga ingekuwa matusi. Hawa si mizimu. Wana haraka ya kuwahi nafasi sokoni. Kwa hiyo swali langu likawa la hesabu: shata ikae wazi muda gani ili watu wabaki watu, lakini wawe kwenye saa nyingine na yule aliyesimama?

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hukata kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa lenzi ya milimita 35, nikiwa mita nne kutoka kwa kijana, upana wa picha unabeba kama mita nne za dunia. Shata ya 1/60 inamruhusu mpita njia asogee sentimita mbili na kitu. Huyo ametoka mzima, na fremu ni soko la kawaida. Sekunde nzima inamsogeza mita 1.4, theluthi ya picha. Huyo ni moshi wa Titarenko. Robo sekunde inampa sentimita 35, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya fremu. Hapo unabaki na beseni, kandambili, mwavuli. Unajua walikuwa kina nani na walibeba nini, ila nyuso wamekwenda nazo.

Robo sekunde mkononi ni ndefu. Huko Muyinga niliegemea nguzo ya umeme, kiwiko kimebanwa ubavuni, nikitoa pumzi nusu. Kabla ya hapo nilikuwa nimejitambulisha kwa kiongozi wa mtaa, nimewasalimu wote waliokuwepo, mmoja mmoja, kisha nikakaa tu karibu nusu saa bila kuinua kamera. Ukishasalimia huna deni. Watu wakaanza kunipita kama wanavyoipita nguzo.

Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muyinga iko takriban digrii tatu tu kusini mwa ikweta, na mchana jua husimama utosini, likachimba mashimo meusi machoni pa kila mtu. Alfajiri ile ukungu ulikuwa haujainuka. ISO 100, tundu la lenzi f/11, robo sekunde.

Ukungu lakini una hila yake. Kipima mwanga cha kamera kinaamini dunia nzima ni kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi kinaushusha, na uso mweusi ulio mbele yake unakuwa mkaa. Niliongeza mwanga hatua moja na nusu, ukungu ukaungua ukawa karatasi tupu, uso ukabaki na mashavu, paji na kivuli cha kweli chini ya taya.

Kwenye kompyuta nilikuta adui mwingine. Katika picha ya rangi, macho yote yalikimbilia kitenge chekundu kilichopita nyuma ya kijana. Nyeusi na nyeupe ilikinyamazisha, maana wekundu ule na ukijani wa fulana yake vina mwangaza unaolingana, vikawa kijivu kimoja. Mkondo wa rangi nyekundu niliuinua kidogo tu ili udongo wa barabara ung'ae na spoku za baiskeli zisomeke. Ukizidisha hapo unaipausha ngozi pia, na nimeona picha nyingi za Afrika zilizoharibiwa hivyo na watu wanaopenda mawingu meusi ya kuigiza.

Mwisho nikakata upande wa kulia. Huko palikuwa na waendesha baiskeli wengine watatu, wenzake, mmoja anamtania. Ndiyo, niliwakata. Bila mkato huo hakuna picha.

Kati ya fremu 41, tatu zilifaa. Nilimwonyesha kijana mojawapo palepale barabarani, kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda.

“Kaka, watu wote wameenda wapi?”

Nikamuuliza alikuwa anawaza nini. “Namungoja dada, yuko ananunua ndagala,” akajibu. Muda si muda dada akatokea na mfuko wake wa dagaa, akaketi kwenye kile kiti kitupu, na kijana akataka picha ya maana. Wale watatu wakajisogeza, na mchuuzi wa ndizi pia, wote macho kwenye lenzi. Nilipiga kwa 1/250, kwa rangi, kitenge cha dada na kila kitu.

Nilimtumia zote mbili kwa WhatsApp. Kwenye wasifu wake ameweka ya pili. Lile duara dogo limemkata dada, limekata ndagala, limewakata wenzake wote. Amebaki yeye peke yake, anacheka.