Kocha Aliyemkumbuka Beki

Kipo kipimo kimoja tulichokizoea mno: kumpima mtu kwa cheo cha juu alichokifikia. Mwalimu tunamuuliza lini atakuwa mwalimu mkuu. Karani, lini atakuwa meneja. Asipofika huko tunanong'ona kwamba alikwama njiani. Katika insha hii nataka kukipinga kipimo hicho kwa kuyatazama maisha ya mtu wa mbali, Dick LeBeau, mchezaji na kisha kocha wa mpira wa Kimarekani.

Msomaji aliyezoea kandanda yetu asikimbie. Nakiri hata mimi nilichelewa kuuelewa mchezo huo; nilidhani ni mieleka yenye mpira. Kwa ufupi ni hivi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza mbele yadi 10. Mpiga pasi husimama nyuma ya wanaume watano wazito wanaomkinga, naye huweza kuurusha mpira kwa mkono hadi kwa wapokeaji wanaokimbia pembezoni mwa uwanja. Kazi ya beki wa pembeni ni kumkaba mpokeaji huyo. Mpokeaji anajua anakokwenda, beki hajui. Mpokeaji hukimbia akitazama mbele. Beki huanza kwa kurudi kinyumenyume. Beki akikosea hatua moja, hana pa kuificha aibu yake, kwani uwanja mzima umeshaona.

LeBeau alizaliwa mwaka 1937 katika mji mdogo uitwao London, huko Ohio. Mwaka 1959 Cleveland Browns walimchagua, kisha wakamwacha kabla msimu haujaanza. Detroit Lions wakamchukua, akadumu nao misimu 14, hadi 1972. Alinasa pasi za wapinzani mara 62. Alipostaafu, katika historia yote ya ligi ile ni wawili tu waliokuwa wamemzidi: Emlen Tunnell, na Dick Lane ambaye walipata kucheza pamoja Detroit. Aidha, alicheza michezo 171 mfululizo bila kukosa hata mmoja.

Mwaka 1973 akaanza ukocha Philadelphia, akapita Green Bay, na mwaka 1980 akafika Cincinnati. Miaka minne baadaye akakabidhiwa ulinzi wote wa timu. Wakati huo kocha Bill Walsh wa San Francisco alikuwa akiwasumbua watu kwa pasi fupi za haraka. Dawa ya zamani ilikuwa kumvamia mpiga pasi kwa watu wengi, sita au saba, asipate muda wa kufikiri. Lakini kila mlinzi anayekwenda kuvamia huacha pengo nyuma yake, na anayelilipia pengo hilo ni beki wa pembeni, aliyebaki peke yake na mpokeaji. LeBeau aliijua hali hiyo mwilini mwake.

Alikwenda kuzungumza na kocha mzee Bill Arnsparger, aliyekuwa akiwaza jinsi ya kumbana mpiga pasi bila kuhatarisha nyuma. Kutokana na wazo hilo LeBeau alijenga mfumo uliompa jina. Mtu mzito aliyesimama mbele kana kwamba atavamia, ghafla hurudi kulinda eneo tupu. Na mwingine, ambaye hakuna aliyemtazamia, huchomoka kutoka nyuma au pembeni. Idadi ya wavamizi haizidi sana, ila mpiga pasi hajui ni akina nani. Hapo ndipo ninapouona ubora wa kazi yake. Kwa miaka 14 yeye ndiye aliyekuwa asiyejua, akisubiri kufanyiwa jambo. Mfumo wake ukaugeuza ujinga huo na kumtwika mpiga pasi, wala beki hakulazimika kuachwa peke yake.

Tusimsifu hadi tukapofuka. Mwaka 2000 alipewa ukocha mkuu wa Cincinnati msimu ukiwa umekwisha kuanza. Hadi mwisho wa 2002 alikuwa ameshinda michezo 12 na kupoteza 33. Ni kweli timu ile ilikuwa dhaifu miaka mingi kabla yake, lakini rekodi ni yake na hawezi kuikana. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na ubawa wake haukuwa ule.

Alirudi Pittsburgh mwaka 2004, mahali alipopata kufundisha miaka ya tisini, akiwa tena kocha wa ulinzi chini ya mwingine. Ulinzi wake ukatwaa Super Bowl mbili, Februari 2006 na Februari 2009. Katika ile ya pili, wapinzani kutoka Arizona walikuwa karibu kabisa na mstari wa goli, mapumziko yakikaribia. Maagizo yalimtaka James Harrison avamie. Yeye akajifanya anavamia, kisha akarudi nyuma, akainasa pasi na kukimbia nayo yadi 100. Mwanafunzi alikuwa amelielewa somo kiasi cha kuthubutu kuliongezea lake.

Lakini kosa ninalolikumbuka zaidi ni la tarehe 8 Januari 2012, mjini Denver. Pittsburgh hawakuihofia sana pasi ya Tim Tebow, hivyo wakawajaza watu mbele kuzuia mbio. Beki Ike Taylor akaachwa peke yake na Demaryius Thomas. Muda wa nyongeza ulipoanza, pasi ya kwanza tu ikaenda yadi 80, na mchezo ukaisha 29 kwa 23. Kweli, mlinzi Ryan Clark hakucheza, kwa kuwa ana chembe za selimundu na mwinuko wa Denver ungehatarisha maisha yake. Hata hivyo udhuru huo hautoshi. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kuhakikisha beki haachwi peke yake, siku ile alimwacha. Nalisema hili si kwa kumbeza, bali kwa sababu kosa la mtu hupimwa vizuri kwa kanuni yake mwenyewe.

Wachezaji wake walimpima kwa namna nyingine. Mwaka 2007, Pittsburgh walipokwenda kucheza Canton, liliko Jumba la Heshima la mchezo huo, walisafiri wamevaa jezi za Detroit namba 44, yaani namba yake ya zamani, ili wahusika wakumbuke kwamba hajaingizwa. Aliingizwa mwaka 2010, kwa kazi yake ya uchezaji, miaka 38 baada ya kuacha kucheza. Aliendelea kufundisha hadi 2017, akiwa na umri wa miaka 80.

Sidhani wachezaji hupewa amri ya kumpenda kocha msaidizi namna ile. Narudi basi kwenye kipimo chetu. Badala ya kumuuliza mtu alifika cheo gani, tumuulize: ulipokuwa pembeni peke yako ulijifunza nini? Na ulipopata sauti, ulimwondolea nani upweke ule?