Mtera na Kidatu: Maji Yaliyomwagika Kabla ya Mgao

Anayetoka Dodoma kwenda Iringa hupita juu ya bwawa la Mtera. Mitambo yake miwili hutoa megawati 80, lakini kazi kubwa ya bwawa hilo ni kuwa ghala: huweka hadi mita za ujazo bilioni 3.2 kwa ajili ya kituo cha umeme cha Kidatu, kilomita zipatazo 170 chini zaidi kwenye mto Ruaha Mkuu. Kidatu ina megawati 204, na bwawa lake ni la mita za ujazo milioni 125 tu.

Ndani ya mtambo wa maji, kazi ya mrejesho, yaani kurekebisha mwendo kwa kutazama matokeo, hufanywa na kifaa kiitwacho gavana. Gridi ikielemewa, masafa yakashuka chini ya hezi 50, gavana hufungua vilango vya maji. Hapo pana mtego. Maji yaliyojaa bombani ni mazito, hayaongezi mwendo papo hapo. Vilango vikipanuka, shinikizo hushuka na nguvu hupungua kwanza, ndipo ipande. Gavana yenye pupa huendelea kufungua, ikapitiliza, umeme ukaanza kuyumba. Kwa hiyo mafundi huipunguza kasi makusudi: isogee kidogo, ingoje matokeo, isogee tena. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu jinsi gavana inavyoweza kuzaa myumbo ule ule iliyowekwa kuuzuia.

Mabwawa haya mawili yana ugonjwa huo huo, ila kwa siku badala ya sekunde. Maji yakiachiwa Mtera, Kidatu huyapata baadaye sana, na njiani mito ya Lukosi na Yovi huongeza yake kutoka milimani. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa wa kweli. Hata hivyo, watafiti waliopitia kumbukumbu za mabwawa haya walieleza kwamba kabla ya mgao wa umeme wa miaka hiyo maji yalimwagika bila ulazima.

Kwangu hilo ni kosa la udhibiti. Kuutazama usawa wa maji wa Kidatu peke yake hakutoshi, kwa sababu ukipanda, maji ya Mtera yako njiani tayari. Lukosi na Yovi lazima zipimwe huko huko juu, na zikijaa, Mtera ibane mapema. Mwendeshaji husita, maana kubana ni kupunguza umeme wa Mtera siku hiyo hiyo. Lakini maji yanayopita Mtera kisha yakamwagika Kidatu hayajafanya hata nusu ya kazi yake; yakibaki ghalani, yatazungusha mitambo ya vituo vyote viwili wakati wa kiangazi.