Usawa wa Jamaa na Usawa wa Watu Wote

Mwaka 1879 Bankim Chandra Chattopadhyay, mwandishi wa Bengal, alitoa kitabu Samya, yaani Usawa, akiwahesabu Buddha, Yesu na Rousseau kuwa walimu wakuu wa fundisho hilo. Mwalimu Nyerere, katika makala yake Ujamaa ya mwaka 1962, alianzia karibu zaidi: kwenye jamaa ya Kiafrika. Hapo ndipo penye nguvu ya hoja yake, na ndipo penye udhaifu wake. Mwaka 1967 yeye mwenyewe alikiri kwamba katika jamaa ile mwanamke hakuwa sawa na mwanamume. Basi jamaa si kipimo cha mwisho. Nayo yapasa ipimwe.

Sisi wa pande za Ugalla twaona pia upungufu wa pili. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walikaa Katumba na Mishamo, wakalima miaka 40 hivi. Wengi wao wakapokea hati za uraia mwaka 2014. Mwalimu alitaka jamaa ienee hata kwa wanadamu wote, lakini makala yake haionyeshi mgeni aingie kwa mlango upi. Usawa ukingoja undugu, mgeni atangoja sana. Haki yake na itangulie; undugu utafuata.