Walimu wa Biashara wa Bukavu
Walimu wa tawi la biashara na usimamizi katika shule za sekondari za Bukavu wanastahili pongezi za dhati, kwani humwandaa kijana kwa Mtihani wa Serikali, ambao ndio mlango wa chuo kikuu, na papo hapo humpa ujuzi wa kujipatia riziki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga mwaka 2012 na OHADA, yaani jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, iliwabidi walimu hawa kujifunza upya mpangilio wa hesabu waliouzoea. Ubaoni, mauzo ya vitenge vya soko la Kadutu, yaliyolipwa nusu kwa dola na nusu kwa faranga, hugeuzwa kwanza kuwa sarafu moja, ndipo yaingizwe katika jarida, yaani daftari la miamala ya kila siku, debiti ya kushoto ikilingana na krediti ya kulia.