Mchezaji Anapotunga Kisa: Hoja juu ya Istilahi za Michezo ya Mtandaoni

Istilahi ikikosewa katika jina la chombo, hasara yake ni ndogo. Watu watakitumia chombo, na jina litarekebishwa baadaye. Ikikosewa katika jina la mtu na kazi yake, huweza kumpokonya mtu huyo haki. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuyachunguza maneno yanayotumika kuelezea michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, hasa visa ambavyo wachezaji wenyewe hutunga humo.

Michezo hii si mipya. Mmojawapo wa ile ya mwanzo ulibuniwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, nao ulikuwa wa maandishi matupu. Kwa mfano wa siku hizi tuuchukue EVE Online, uliotolewa mwaka 2003 na kampuni ya Aisilandi. Kampuni iliweka anga, vyombo na kanuni. Mapatano, uadui na hiana vikaletwa na wachezaji. Januari 2014 vilizuka vita kwa sababu kundi moja halikulipia himaya yake kwa wakati, na wachezaji zaidi ya 7,000 wakashiriki. Kampuni haikuandika kisa hicho. Ilichofanya ni kuweka mabaki ya vyombo mahali pale yawe kumbukumbu.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Huko Ndanda, chini ya ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, misheni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1906, na baadaye ikawa na kiwanda cha uchapaji. Kitabu kilichochapwa hapo humfikia msomaji kikiwa kimekwisha, hawezi kukibadili. Lakini juu ya uwanda, upande wa Newala, iko ngoma ya vinyago vya kuvaa iitwayo midimu. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika habari za ngoma za vinyago huko, J. A. R. Wembah-Rashid aliichambua midimu mwaka 1971. Uwanja, mapigo na miiko ni mali ya jamii. Bali aliyevaa sura ya mzee, askari au Mzungu huipa sura hiyo mwendo na vituko vyake, na watazamaji humwitikia. Mchezo wa mtandaoni unakaribiana na uwanja huo kuliko kitabu.

Kwa msingi huo twayapima maneno manne.

(a) Mtumiaji. Neno hili hufaa kwa mwenye kutumia simu au programu. Anayetunga kisa ndani ya mchezo hatumii tu, anatenda. Kiswahili kinalo neno mchezaji, nalo lina faida kubwa, kwani mchezo kwetu ni wa mpira, wa ngoma na wa kuigiza pia.

(b) Kuunda. Huundwa jahazi, na huundwa kamati. Kisa hutungwa, kama shanga katika uzi, kimoja baada ya kingine. Tena neno kutunga humtoa mtunzi, na mtunzi ni mtu anayetambuliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mfasiri wa mkataba aandikaye “maudhui ya mtumiaji” amekwisha kumfuta mtunzi kabla shauri halijasikilizwa.

(c) Halaiki. Huenda wengine wakavutwa na jina “mchezo wa halaiki”, kwa kuwa washiriki ni wengi. La hasha! Katika halaiki za sikukuu za taifa kila kijana hufuata alama aliyofundishwa. Wingi upo, utunzi wake haupo. Afadhali “mchezo wa pamoja mtandaoni”.

(d) Kuunga mkono. Mwendeshaji wa mchezo anaposemwa kuwa “anaunga mkono” visa vya wachezaji, msomaji huelewa kwamba anavikubali tu. Kumbe kazi yake ni kubwa zaidi: kuweka mahali pa kukutania, kutunza kumbukumbu, kuamua magomvi. Twapendekeza kutegemeza. Mgomba wenye mkungu mzito hutegemezwa kwa nguzo. Nguzo hubeba uzito, lakini haizai ndizi.

Kwa mwenendo wa matukio yanayosukwa na wengi, neno msuko, ambalo walimu wa fasihi wamekwisha kulizoea, latosha kabisa. Mikono mingi yaweza kusuka ukili mmoja.

Yawezekana kusemwa kwamba tunashughulikia mambo ya watoto. Lakini vijana wanaocheza leo ndio watakaosoma mikataba hiyo kesho, na watajiona wateja au watunzi kwa kadiri ya neno tutakalowapa. Twaomba walimu na wafasiri wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na penye kasoro walete lililo bora.