Nyota Zina Rangi: Usiku Wangu wa Kwanza na Darubini, Mbingu

Jamani, nyota zina rangi! Miaka yote nimezihesabu kuwa nyeupe, mpaka jana saa mbili usiku nilipoinua darubini ya macho mawili kwa mara ya kwanza, hapa kijijini Mbingu. Ni Julai, anga kavu, mwezi haujachomoza. Nyuma yangu milima ya Udzungwa ni giza tupu. Mbele, mashamba ya mpunga uliokwisha kuvunwa yanateremkia bonde la Kilombero.

Nikaanza na Antares, moyo wa kundinyota la Nge, juu kabisa. Fanyeni hivi: legezeni kidogo gurudumu la kulengea mpaka nyota itawanyike kama sarafu. Rangi inamwagika! Antares ni kaa lililopepewa, jekundu la kuelekea chungwa. Nikahamia magharibi kwa Sumbula, ile ambayo ramani za Wazungu huiita Spica. Buluu! Buluu ya mwali wa jiko la gesi! Nilipiga kelele, mbwa wa jirani wakabweka.

Rangi hiyo ndiyo kipimajoto. Chuma cha mhunzi huanza chekundu, kikizidi moto huwa manjano, kisha cheupe. Nyota huendelea hadi buluu. Uso wa Antares una kelvini 3,600 hivi, wa Jua letu 5,800, wa Sumbula yapata 25,000.

Lililoninyima usingizi ni hili: Antares, iliyopoa kuliko Jua, hutoa nishati nyingi kuliko Jua, mara makumi ya maelfu. Kila kipande cha uso wake hutoa kama sehemu moja tu ya saba ya kipande sawa cha Jua. Inawezaje? Kwa ukubwa! Upana wake ni kama Jua mara 700, basi eneo la uso ni karibu mara laki tano. Uzi wa balbu ya tochi una joto kuliko tanuri la matofali, lakini ukisogea karibu ni tanuri litakalokubabua.

Kisha kusini, Rijili Kantori: manjano hafifu, rangi ya nyumbani, maana ni nyota zaidi ya moja, na iliyo kubwa humo inafanana sana na Jua. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.4. Jirani yake Proxima iko karibu zaidi, 4.2, nyekundu kama Antares, ila upana wake haufiki sehemu ya sita ya Jua, na darubini ya mkono haiipati kabisa. Niliitafuta hata hivyo, mpaka umande ukafunika vioo.