Tela Linakula Tairi: Kosa Liko Ekseli Gani?

Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, hupita Songea, likashika Namtumbo, Tunduru na Masasi hadi bandari ya Mtwara. Kutoka Songea peke yake ni zaidi ya kilomita 600. Lori la mahindi linalopanda kwenda Makambako lina karibu kilomita 300 za milima na kona, zikiwemo zile za Lukumburu. Katika safari za namna hiyo, ekseli ya tela ikikaa upande kidogo tu, tairi zitasema.

Tatizo ni jinsi tunavyozisikiliza. Tairi likishakuwa kipara upande mmoja, linatolewa, linafungwa jipya palepale, gari linaondoka. Muda si mrefu hilo jipya nalo limeliwa upande uleule. Safari hii fundi anailaumu ekseli iliyolibeba tairi hilo, na mara nyingi anailaumu bure. Tairi lililokwisha linaonyesha mahali nguvu ilipoishia, si lazima mahali ilipoanzia.

Tuchukue tela la ekseli tatu. Ncha ya kushoto ya ekseli ya katikati imerudi nyuma milimita 12 kuliko ya kulia, na kutoka ncha hadi ncha tukadirie mita 2. Hapo magurudumu ya ekseli hiyo yanataka kwenda kushoto milimita 6 kwa kila mita moja ya mwendo, yaani mita 6 kwa kila kilomita. Ekseli zote tatu zingekuwa zimekaa hivyo, tela lingetembea kimshazari kama kaa, na tairi zake zisingeumia sana. Lakini ekseli ya mbele na ya nyuma zinataka kwenda mbele moja kwa moja. Zinavutana na ya katikati, na tela linashika njia iliyo kati ya matakwa yao. Mzigo ukiwa umegawanyika sawa, ekseli yenye kosa inaburuzwa pembeni kama mita 4 kwa kilomita, na kila moja ya zile nzima mita 2 upande wa pili. Gari likifika Makambako kutoka Songea, tairi za ekseli nzima zimeshalazimishwa kwenda pembeni mita 600, na za ekseli yenye kosa mita 1,200.

Ongeza kona. Tela la ekseli tatu likikata kona kali, ekseli ya kwanza na ya tatu huburuzwa hata kama zimenyooka, kwa kuwa tela huzunguka karibu na ile ya katikati. Kwa hiyo katika barabara ya milima, tairi bovu kuliko yote laweza kabisa kuwa kwenye ekseli isiyo na kosa.

Ushahidi ulio wazi zaidi unapatikana kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata za tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Tairi lililoburuzwa pembeni litakuwa laini mkono ukienda upande mmoja, na litakwaruza ukirudi. Sasa nenda upande wa pili wa ekseli ileile. Ikiwa makali ya tairi la kushoto na la kulia yote yanaelekea upande mmoja wa barabara, ekseli yote imekaa kimshazari, na hiyo inarekebishika. Ikiwa yanatazamana, au yanapeana mgongo, ekseli yenyewe imepinda, na hakuna bolti ya kukaza itakayoiponya. Tairi zikiliwa upande wa ndani kushoto na kulia, fikiria uzito: mzigo mkubwa huinua ncha za ekseli na kulaza magurudumu kwa ndani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye tairi pacha. Tairi zikiliwa mabega yote mawili, angalia upepo kwanza.

Kupima hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Kunahitaji utaratibu. Kwanza kagua bushi, beringi za habu, yu-bolti na springi, kwa sababu kupima tela lenye bushi zilizokufa ni kupima kitu kitakachohama kesho. Kisha livute tela mbele kwa kunyooka kwenye sakafu iliyo sawa, ili bushi zilegee, zuia magurudumu kwa kabari na uachie breki. Teremsha timazi kutoka kwenye kingipini, na kutoka hapo pima kwa tepu ya chuma hadi ncha mbili za ekseli ya kwanza, mahali palepale kila upande, tepu ikivutwa kwa nguvu ileile bila kugusa miguu ya tela.

Tofauti ya kushoto na kulia isizidi milimita 3. Ikizidi, legeza rodi inayoishika ekseli na chesisi, irekebishe, kaza, upime tena. Ekseli ya kwanza ikishakaa sawa, ndiyo inayokuwa kipimo cha zile nyingine: kutoka kwake hadi ya pili, kisha hadi ya tatu, tofauti ya pande mbili isizidi milimita 1.5. Fundi anayeanzia ekseli yenye tairi bovu huishia kuzirekebisha ekseli nzima zifuate iliyokaa kimshazari.

Vipimo hivyo viandikwe kwenye daftari la tela, kushoto na kulia, ekseli kwa ekseli. Baada ya safari moja yenye mzigo, pima tena na kaza yu-bolti. Namba zikibaki zilezile, nunua tairi. Zikiwa zimehama, usirudie kurekebisha rodi: tafuta bushi iliyolegea au bolti ya kati ya springi iliyokatika, kwa maana ekseli hiyo haijashikwa na kitu.